Ring kwa Kihispania: inalia, inapigwa au inazunguka?

Swali huja kwa sura tofauti lakini ni lilelile. Mwongoza watalii wa Arusha anauliza *ring* ni nini kwa Kihispania. Mhudumu wa mapokezi kwenye hoteli ya Nungwi anauliza hivyohivyo. Mwanafunzi anayejifundisha mwenyewe usiku anataka neno moja tu, aliandike daftarini akalale. Neno moja lipo: *anillo*. Ila *anillo* ni pete. Ukiwa na hilo peke yake, siku simu ya mgeni inalia, siku gari linataka ringi mpya, siku unaeleza mtandao wa majangili wa meno ya tembo, utabaki umeshika pete mkononi.

Makala hii inajibu swali hilo kwa urefu wake. Nadharia ya lugha nimeiacha pembeni. Kuna hatua za kufuata, orodha za kunakili na mitego ya kukwepa.

## Anzia Kiswahili, si Kiingereza

Wengi wetu hujifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza, maana ndivyo vitabu vilivyoandikwa. Kwa neno hili njia hiyo inachosha bure. Mwingereza hutumia *ring* kwa simu inayolia, kwa mtu anayepiga simu, kwa pete, kwa ulingo wa ndondi na kwa genge la wahalifu. Kiswahili kimekwisha kuzitenga maana hizo, na mara nyingi kimezikata palepale Kihispania kilipozikata. Simu *inalia*, mimi *ninapiga*: kwetu vitenzi viwili, kwao vitenzi viwili, kwa Mwingereza kimoja. Kwetu majangili wana *mtandao*. Kwao wana *red*, neno lilelile wanalolitumia kwa wavu wa kuvulia na kwa intaneti.

Kwa hiyo fuata mpango huu kila unapokutana na neno hilo:

1. Chukua sentensi nzima, usichukue neno peke yake.
2. Iseme kwa Kiswahili cha kawaida, kwa sauti. Neno litakalokutoka mdomoni ndilo utakalolitafutia Kihispania.
3. Kama sentensi ni ya Kiingereza, angalia wakati uliopita. *Rang* na *rung* ni za mlio na simu. *Ringed* ni ya kuzunguka kitu au kukivisha pete. Alama hii ndogo inakuondolea nusu ya kazi.
4. Jua mgeni ametoka nchi gani. Kihispania cha Hispania, cha Meksiko na cha Ajentina hupishana sana kwenye majina ya vitu vya mviringo.
5. Ukipata neno, ligeuze: litafute upande wa pili wa kamusi, uone kama linarudi kwenye maana uliyoanza nayo.

“Lakini simu yangu inatafsiri yenyewe.” Ndiyo, na ukiipa sentensi nzima mara nyingi itakuhudumia vizuri. Ukiipa neno moja itabidi ichague kwa niaba yako, na haijui kama umesimama dukani kwa sonara au mlangoni kwa mtu.

“Si wataelewa tu?” Mezani na njiani wataelewa, watacheka kidogo, safari itaendelea. Kwenye menyu, kwenye mkataba na kwa mgonjwa, usitegemee huruma hiyo.

## Kulia ni *sonar*, kupiga ni *tocar* au *llamar*

Hapa ndipo penye faida kubwa zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Chombo kinachotoa mlio chenyewe, Kihispania chake ni *sonar*. Mtu anayekifanya kitoe mlio, ni *tocar*. Mtu anayempigia mwenzake simu, ni *llamar*. Jaribu:

- Simu inalia: *suena el teléfono*.
- Kengele ya mlango imelia: *ha sonado el timbre*, wengi wa Amerika ya Kilatini watasema zaidi *sonó el timbre*.
- Bonyeza kengele ukihitaji msaada: *toque el timbre si necesita ayuda*.
- Nitakupigia kesho: *te llamo mañana*. Mmeksiko anaweza kusema *te marco mañana*.
- Nitampigia baadaye, nilikosa simu yake: *le devuelvo la llamada*.
- Usikate simu: *no cuelgue*. Hii ni ya watu wa mapokezi, iandikeni kwa wino mwekundu.
- Mlio wa simu, ule uliouchagua mwenyewe: *tono de llamada*, au *tono* tu.
- Mtu anabisha hodi au anabonyeza kengele: *llaman a la puerta* kwa Mhispania, *tocan a la puerta* kwa wengi wa Amerika ya Kilatini.

Simu ya mkononi yenyewe ni *móvil* Hispania na *celular* ng’ambo ya Atlantiki.

Kuna kitu hapa ambacho Mwingereza hana jina lake zuri lakini sisi na Wahispania tunalo. Kubipu. Hispania husemwa *hacer una perdida* au *dar un toque*: unaacha simu ilie mara moja, unakata, mwenzako anajua umefika. Ukiwa na kikundi cha Wahispania waliotawanyika Mji Mkongwe na mmekubaliana kukutana Forodhani, waambie *hazme una perdida cuando llegues*. Watakupenda hapohapo.

Mitego ya sehemu hii ni mitatu.

Usimwambie mtu *dame un anillo*. Kiingereza cha shuleni kwetu ni cha Uingereza, na pale “nipe ring” maana yake ni nipigie simu. Ukiigeuza neno kwa neno kwa Kihispania, umemwomba mgeni wako pete, na kama ana mume pembeni jioni yenu itakuwa ndefu. Sema *llámame*, au kwa heshima *llámeme*.

Usitumie *llorar* kwa simu. Huu ni mtego wa Kiswahili chenyewe. Sisi kulia kwetu ni kwa mtoto, kwa simu na kwa kengele. *Llorar* ni kwa mtoto na kwa mfiwa tu.

Angalia kijistari cha juu ya n. *Sonar* ni kulia kwa chombo. *Soñar* ni kuota ndoto. *Anoche sonó el teléfono*: jana usiku simu ililia. Weka *soñó* na simu yako imelala ikaota. Na *sonarse* ni kupenga kamasi, usishangae ukiisikia kambini Barafu kwenye baridi.

Kuhusu matamshi: *ll* ya *llamar* na *anillo* itamke kama *y* yetu ya *yai*. Mwajentina wa Buenos Aires ataitamka karibu na *sh*. Usimwige, lakini mwelewe.

## Mahali ambapo Kiswahili hakitoshi: kengele

Nimesema anzia Kiswahili, lakini sikusema ukiamini kila mahali. Neno *kengele* kwetu limebeba mzigo ambao Wahispania wameugawa:

- *campana*: kengele kubwa, ya kanisa au ya shule ya zamani
- *campanilla*: ndogo ya kushika mkononi, kama ile ya kuitia mhudumu mezani
- *timbre*: ya mlango au ya umeme, pia ya baiskeli
- *cencerro*: ya shingoni mwa ng’ombe au mbuzi
- *cascabel*: kijikengele cha mviringo chenye punje ndani

Ukipita na mgeni kwenye boma la Wamasai mifugo ikirudi jioni, anachosikia ni *cencerros*. Ukimwambia *campanas* atatafuta kanisa. Njuga za miguuni kwa wachezaji ngoma ni *cascabeles*, na ukitaja *serpiente de cascabel* umemtaja nyoka wa Amerika mwenye kengele mkiani, ambaye Afrika hayupo. Wageni huuliza, mjibu bila wasiwasi.

Kengele za kanisa zina vitenzi vyake. *Repicar* ni ya sikukuu, ya haraka haraka, ya furaha. *Doblar* ni ya msiba. Ndiyo maana riwaya ya Hemingway ya mwaka 1940 kuhusu vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania inaitwa kwao *Por quién doblan las campanas*. Hemingway hutajwa sana chini ya Kilimanjaro kwa ajili ya hadithi yake nyingine, kwa hiyo kichwa hicho kitakusaidia kwenye mazungumzo ya garini kuliko unavyodhani.

Milio yenyewe: kengele ndogo inasema *tilín*, kubwa inasema *talán*. Na mtu akikuambia fulani *me hace tilín*, anamaanisha amempenda. Usijibu kuhusu kengele.

## *Me suena*

Hii nimeipa kichwa chake kwa sababu utaisikia kila siku. Kiingereza husema jina fulani “linapiga kengele”. Kihispania husema *me suena*, yaani nimewahi kulisikia, si geni masikioni mwangu, ila sikumbuki vizuri.

- *¿Le suena Olduvai?* Umewahi kusikia habari za Olduvai?
- *Me suena su cara.* Sura yako si ngeni kwangu.
- *No me suena.* Sijawahi kulisikia.

Onyo: usiseme *me suena una campana* kwa maana hii. Kosa hilo hutokana na kufuata Kiingereza hatua kwa hatua, na msikilizaji atatega sikio kutafuta kengele iko wapi.

## Masikio yanavuma, na mambo mengine ya mwili

Mgeni akisema *me zumban los oídos* au *me pitan los oídos*, masikio yake yanavuma. *Zumbar* ni kuvuma kwa nyuki pia, kwa hiyo Kiswahili kinakusaidia tena. Ila sikiliza anavyolisema. Kama anatabasamu na kusema *me están pitando los oídos*, huenda anatania kwamba kuna mtu anamsengenya. Kama amekaa kwenye jiwe na uso umempauka, usitabasamu: muulize *¿le duele la cabeza?*, *¿tiene náuseas?*, *¿está mareado?*, kisha fuata utaratibu wa mlima uliofundishwa. Kazi yako ni kuelewa anachosema na kumfikishia kiongozi wako au daktari, si kumpa jina la ugonjwa.

Mengine ya haraka:

- Weusi wa mviringo chini ya macho baada ya usiku wa kupanda kileleni: *ojeras*. Hakuna *anillo* hapa.
- Kidole cha pete: *dedo anular*, au *el anular*.
- Mapunye na choa: *tiña*. Kiingereza, *ringworm*, kinataja mnyoo na mviringo. Kihispania hakitaji kimojawapo. Ukitafsiri vipande vipande kwa mgonjwa utamtia hofu ya mnyoo ambaye hayupo.

## Pete na jamaa zake

*Anillo* ndiyo pete kwa ujumla, na haikosei. *Sortija* nayo ni pete, mara nyingi ya pambo yenye jiwe. Wauza vito wa Arusha: *anillo de tanzanita* ni sahihi nchi zote. Jiwe hilo lilijulikana mwaka 1967 karibu na Mirerani, na mgeni anapenda kuelezwa hivyo kabla ya bei. Ukubwa wa pete ni *talla*.

Pete ya uchumba ni *anillo de compromiso*. Ya ndoa ni *alianza* kwa Mhispania, na *argolla* kwa wengi wa Meksiko na Chile. *Anillo de boda* inaeleweka kote, kwa hiyo ukiwa na shaka tumia hiyo.

Hereni ndizo zinazoleta ubishi:

- Hispania: *pendientes*
- Meksiko, Kolombia, Peru: *aretes*
- Ajentina na Chile: *aros*

Tazama neno la mwisho. *Aro* kwa wengine ni kitu chochote cha mviringo kilicho wazi katikati, kama gurudumu la kuchezea mtoto. Kwa hiyo ukimwonyesha Mwajentina soko la shanga la Wamasai ukataja *aros*, ataangalia masikio. Mhispania ataangalia kila kitu. Bangili ni *pulsera*, kikuku ni *tobillera*, mkufu ni *collar*, shanga zenyewe ni *cuentas*. Kishikio cha funguo ni *llavero*.

Kuna pia *anilla*, yenye *a* mwishoni. Hiyo si ya kidoleni: ni ya pazia, ya jalada la kuwekea karatasi, au ya mguuni mwa ndege aliyewekwa alama na watafiti. Kumvisha ndege alama hiyo ni *anillar*.

## Ringi za gari

Madereva, hii ni yenu. Fundi wa kwetu akisema ringi anaweza kuwa anamaanisha vitu viwili, na Kihispania kina maneno tofauti kwa kila kimoja, tena yanabadilika kwa nchi.

Ringi ya gurudumu, chuma kinachobeba tairi:

- Hispania: *llanta*
- Meksiko na Kolombia: *rin*, kwa wingi *rines*

Sasa hatari. Meksiko *llanta* ni tairi lenyewe! Mhispania akisikia *llanta* anafikiria chuma, Mmeksiko anafikiria mpira. Kwa tairi, *neumático* itaeleweka na wote ingawa kwa Mmeksiko inasikika rasmi kidogo. Mwajentina atasema *goma* au *cubierta*.

Ringi za pistoni:

- Hispania: *segmentos*
- Meksiko: *anillos*
- Ajentina: *aros*

Pancha, kwa kuwa tupo hapohapo: *hemos pinchado* kwa Mhispania, *se ponchó la llanta* kwa Mmeksiko. Usiahidi dakika. Sema *vamos a cambiar la rueda*, ushuke, waombe wabaki ndani kama mko hifadhini.

Barabara ya kuzunguka mji ni *circunvalación*. Mmeksiko ataiita *periférico*.

## Porini

Simba wamemzunguka nyati: *los leones han rodeado al búfalo*. Sisi tunasema kuzunguka, wao *rodear*, usitafute pete. Wakimbana kwenye kona asipate pa kutokea, *acorralar*.

Kuro ndiye anayewapa watu shida. Yule wa kawaida ana mviringo mweupe nyuma, na hapo *anillo blanco* inafaa, ukitaja na mahali: *tiene un anillo blanco en la grupa*. Yule jamii ya defassa hana mviringo, ana baka zima jeupe, nalo ni *mancha blanca*. Jina la kuro kwa Kihispania ni *antílope acuático*. Ule utani wa kwamba alikalia kiti cha choo kilichopakwa rangi mpya unafanya kazi vizuri kwa Kihispania: *se sentó en un inodoro recién pintado*.

Majina ya ndege usiyatafsiri kipande kwa kipande hata siku moja. Tetere ambaye Waingereza humwita kwa mviringo wa shingoni, jina lake la vitabuni kwa Kihispania ni *tórtola de El Cabo*. Shingo haimo. Kwa ndege na wanyama, pata kitabu chenye majina ya Kihispania au orodha ya majina ya kisayansi, uoanishe kwa hiyo.

Mbuyu: duara za ukuaji wa mti ni *anillos de crecimiento*. Wageni wa Tarangire wakiuliza kwa nini msihesabu duara kujua umri, waambie mibuyu mikubwa mara nyingi ina uwazi ndani na duara zake hazisomeki vizuri, ndiyo maana wataalamu hutumia kipimo cha kaboni, *datación por radiocarbono*.

Ngorongoro: ukingo wa kreta ni *el borde del cráter*. Watu husikia *rim* wakadhani ni *ring*, wakatamka *anillo del cráter*. Ni *borde*.

Ol Doinyo Lengai: mgeni wa Chile au Guatemala, ambaye nyumbani kwao volkano ni jirani, ataulizia ule mduara wa moto wa Pasifiki. Kwao mara nyingi ni mkanda: *Cinturón de Fuego del Pacífico*, ingawa *Anillo de Fuego* nayo husemwa. Lengai haumo. Uko kwenye Bonde la Ufa, *el Gran Valle del Rift*.

Mtandao wa ujangili ni *red de caza furtiva*. Kinara wake ni *cabecilla*. Kama ni kundi dogo lisilo na mpangilio mkubwa, *banda* inatosha.

## Ulingo na ng’ombe wa Pemba

Ulingo wa ndondi ni *cuadrilátero*, yaani wenye pande nne. Waingereza ndio walioona mraba wakauita mviringo. *Ring* nayo hutumiwa na Wahispania kwa ndondi, lakini hapa tu, usiisambaze.

Uwanja wa sarakasi ni *pista*. Uwanja wa kupigana na fahali ni *plaza de toros*, na ule mviringo wa mchanga katikati yake ni *ruedo*.

Kwa nini mtu wa Afrika Mashariki ahitaji hili la mwisho? Kwa ajili ya Pemba. Mchezo wa ng’ombe wa Pemba husemwa asili yake ni Wareno waliotawala pwani hii, na Mhispania akisikia habari zake lazima atauliza. Mweleze tofauti: huchezwa mahali pa wazi, hakuna *ruedo*, na ng’ombe hauawi, *no se mata al toro*. Usianze kwa kudhani kila Mhispania anaupenda mchezo wa kwao wa kupigana na fahali. Wengi wanauchukia, na bunge la Katalunya liliupiga marufuku mwaka 2010 kabla ya Mahakama ya Katiba kulibatilisha katazo hilo mwaka 2016. Eleza, kisha acha wao waseme.

## Jikoni na kwenye menyu

Wapishi huuliza vitu vichache tu.

Vitunguu vya mviringo vilivyokaangwa ni *aros de cebolla*. Ngisi aliyekatwa hivyo, Hispania ni *anillas de calamar*, na akichovywa unga na kukaangwa ni *calamares a la romana*. Kwa Amerika ya Kilatini andika *aros de calamar*. *Sortijas* kwenye menyu, hapana, hata kama kamusi imekupa.

Jiko la gesi la kambini lenye mdomo mmoja au miwili: mdomo huo ni *quemador* au *fuego*, Mwajentina husema *hornalla*.

## Unaposikia, si unaposoma

Sikio nalo linadanganya. Kiingereza kina neno la kukamua nguo, *wring*, linalotamkwa sawasawa na *ring*. Mgeni akirudi amelowa na kikundi mchanganyiko kinaongea Kiingereza, kukamua soksi ni *escurrir los calcetines*. Mwajentina na Mmeksiko wataelewa, ingawa Mwajentina soksi huziita *medias*. Kukunja kwa nguvu kama kunyonga shingo ya kuku ni *retorcer*.

*Rung* pia ni kipago cha ngazi: *peldaño*. Waangalizi wa nyumba za miti na minara ya kutazamia wanyama, hilo ni la kwenye kibao chenu cha onyo: *cuidado con los peldaños*.

## Kwa wanaoandika ripoti

Wafanyakazi wa mashirika wameniuliza kuhusu fedha zilizotengwa kwa kazi moja tu, ambazo Kiingereza huzizungushia uzio wenye neno letu ndani yake, *ring-fenced*. Usiandike *fondos reservados*. Hispania maneno hayo yana harufu ya fedha za siri za serikali, na yaliandikwa sana magazetini katika kashfa za miaka ya 1990. Andika *fondos destinados exclusivamente a*, ukimalizia na jina la kazi. Ni ndefu, lakini mkaguzi hatanyanyua nyusi.

## Maswali yanayobaki

Nijifunze Kihispania cha nchi gani? Cha wageni unaowapata zaidi. Kampuni yako ikipokea Wahispania wa Ulaya, shika *móvil*, *pendientes*, *llanta* ya chuma. Usijaribu kushika vyote mwezi wa kwanza.

Niandike vipi daftarini? Si kwa neno la Kiingereza juu ya ukurasa. Andika Kiswahili kwanza, sentensi nzima, na Kihispania chini yake: “Simu inalia”, “Nitakupigia”, “Wamemzunguka nyati”. Ukurasa wenye kichwa *ring* na maneno ishirini chini yake hausaidii mtu saa ya haraka.

Je, nikikwama kabisa mbele ya mgeni? Kwa mlio, uige kwa mdomo. Hakuna aibu na watu watacheka pamoja nawe. Kwa kitu, kishike umwulize *¿cómo se llama esto en su país?* Hayo maneno mawili ya mwisho, *su país*, usiyaache, maana kikundi kikiwa mchanganyiko utapata majibu mawili au matatu. Wakianza kubishana, mmoja *rin*, mwingine *llanta*, usiwaamulie. Andika yote, na jina la nchi pembeni ya kila moja.